Injini Mpya, Moshi Uleule

Pikipiki imefunguliwa injini, silinda imechongwa, pistoni na ringi ni mpya, gasketi zote zimebadilishwa. Baada ya wiki chache moshi wa bluu unarudi, na kila ukichomoa kijiti cha kupimia, oili imeshuka. Chini ya injini hakuna tone lililovuja. Jibu la haraka katika gereji nyingi ni kwamba ringi ni feki, kwa hiyo ifunguliwe tena, iwekwe seti nyingine. Mara nyingine jibu hilo huwa sahihi. Hata hivyo, injini inayokula oili baada ya kutengenezwa haitaki kwanza spea nyingine. Inataka ijulikane oili inapita njia gani. Ringi mpya haziwezi kuziba njia ambayo hazikuwahi kuilinda.

Tuanze na ukubwa wa kosa lenyewe. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa katika pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Afrika Mashariki, ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni yake husafiri milimita 49.5. Ukuta unaopigwa deki na ringi una eneo la kama sentimita za mraba 88. Upake ukuta huo oili yenye unene wa maikroni moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, moto huwaka mara 50 kila sekunde. Kama utando huo wote ungeungua kila moto unapowaka, lita nzima ingekwisha chini ya dakika 40. Ikiungua sehemu moja ya mia ya utando huo, lita hiyo itachukua saa 63 hivi, yaani wiki moja ya kazi ya dereva wa bodaboda. Kasoro inayomaliza oili ya injini nzima kwa wiki, basi, ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na fundi anayekagua silinda kwa kupitisha kidole anabahatisha.

Kipimo kinachoaminiwa zaidi ni kompresheni. Mwenye geji huitumia. Asiye nayo hukanyaga kiki, akiona ni ngumu anasema ringi ziko sawa. Tatizo ni kwamba kompresheni inajibu swali jingine. Pistoni ya kawaida ina ringi mbili za juu zinazozuia gesi, na chini yao ringi ya oili, ambayo mara nyingi huwa ya vipande vitatu: nyuzi mbili nyembamba za chuma na chemchemi ya mikunjo katikati. Ncha za chemchemi hiyo zinatakiwa zigusane tu. Zikipandana wakati wa kuingiza pistoni, ringi inapoteza nguvu ya kusukuma ukuta na oili inabaki juu, huku geji ikionyesha kompresheni safi kabisa. Vivyo hivyo kwa sili za valvu: zikichakaa au zikisahauliwa, oili hushuka kwenye shina la valvu bila kompresheni kupungua hata kidogo. Njia mbili kubwa za oili, zote hazionekani kwenye geji. Kiki ngumu haimsafishi mtuhumiwa.

Kinachosema zaidi ni wakati moshi unapotoka. Dereva akishuka mteremko mrefu huku amefunga mafuta, kabureta inakuwa imezibwa lakini pistoni inaendelea kuvuta. Mvuto huo hunyonya oili kupitia sili za valvu ya kuingiza, na anapofungua mafuta tena, wingu la bluu hutoka kwa ghafla kisha hukatika. Moshi wa dakika chache asubuhi baada ya pikipiki kulala husema hivyo hivyo: oili imedondoka taratibu usiku kucha. Moshi unaoongezeka kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, na usiokatika, unaelekeza kwenye ringi na silinda. Kabla ya hayo yote kuna jambo dogo linalosahauliwa: oili iliyojazwa kupita alama, mara nyingi kwa sababu ilipimwa pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni. Ziada hiyo hupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye kisanduku cha hewa na kuungua kama kawaida.

Wapo watakaosema gereji ya mtaani haina vifaa vya kupimia silinda. Ni kweli, lakini ringi yenyewe ni kifaa. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa ndani ya silinda, kisha mulika tochi kutoka chini: mwanga ukipenya ubavuni mwa ringi, silinda si duara. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila karibu na juu, halafu karibu na chini. Tofauti ya milimita 0.15 kati ya vipimo hivyo ina maana kwamba kipenyo kimetofautiana kwa karibu 0.05, na hakuna ringi, feki wala halisi, itakayofuata ukuta wa namna hiyo vizuri. Fila ni kifaa cha bei ndogo. Nayo hoja ya spea feki inadai upimaji huu zaidi, kwa sababu ndiyo njia ya kuzikamata kabla hazijaingia kwenye injini.

Kosa jingine hutokea kwenye karai. Silinda ikishachongwa na kusuguliwa kwa jiwe, huoshwa kwa petroli au mafuta ya taa. Vimiminika hivyo huondoa grisi, lakini unga wa jiwe hubaki kwenye mikwaruzo na kuzila ringi mpya tangu siku ya kwanza. Maji ya moto na sabuni ndiyo yanayoutoa, mpaka kitambaa cheupe kitoke bila ukijivu.

Husemwa pia kwamba injini mpya iachwe izoee. Katika kilomita mia chache za mwanzo, ni sawa, mradi kiasi cha oili kinachopotea kinapungua. Kisipopungua, kusubiri hakusaidii. Na kuiacha ingurume saa nzima kwenye stendi hudhuru: ringi hukandamizwa ukutani na gesi ya moto, na injini isiyo na mzigo haina gesi ya kutosha kufanya kazi hiyo. Oili nzito nayo hupunguza moshi kwa muda tu.

Anayepeleka injini kufunguliwa mara ya pili na adai mambo mawili kabla ya kununua chochote: sili za valvu zikaguliwe kwanza, na ringi zipimwe mwanya ndani ya silinda mbele yake, juu na chini. Fundi akikataa, atafute mwingine.