Kwa Nini Chuma Hushika Kutu Upesi Penye Maji ya Chumvi

Vyama vya Ushirika vilivyo pwani hupata hasara ambayo vyama vya bara havipati kwa kiasi hicho. Mizani, nanga, misumari ya mashua na bawaba za milango ya ghala hushika kutu mapema, na fedha za wanachama hutumika kununua upya vitu ambavyo vingeweza kudumu. Yafaa basi chanzo chake kieleweke.

Wengi hudhani kwamba chumvi ndiyo inayokula chuma. Sivyo. Kutu hutokea chuma kinapokutana na vitu viwili kwa pamoja: maji, na hewa ya oksijeni. Tone la maji likitua juu ya chuma, mahali pamoja chembe za chuma huyeyuka na kuacha umeme. Umeme huo hupita ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambako oksijeni huupokea. Ili mzunguko huo ukamilike, chembe zenye umeme sharti zisafiri pia ndani ya maji. Maji ya mvua hupitisha umeme kwa shida. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, huupitisha kwa wepesi. Chumvi, kwa hiyo, ni mfano wa barabara nzuri: haibebi mazao, lakini huyafikisha sokoni upesi.

Chumvi ina madhara mengine mawili. Kwanza, huharibu utando mwembamba unaokikinga chuma. Pili, huvuta unyevu wa hewani. Hivyo chuma kinachoonekana kikavu, kikiwa bado na chumvi, huendelea kuliwa.

Ndiyo maana kupangusa kwa kitambaa hakutoshi. Chombo kilichopata maji au upepo wa bahari kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kikaushwe kabisa, kisha kipakwe mafuta au rangi ipasavyo. Magunia ya chumvi yasiwekwe karibu na mizani. Zege yenye nondo isichanganywe kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, kwa kuwa kutu huvimba na kupasua zege.

Mizani ndiyo yenye kuhitaji uangalifu zaidi. Ikishika kutu kwenye egemeo lake huweza kudanganya uzito, na hapo ama mkulima hupunjwa, ama chama hupata upungufu ghalani. Katibu anayehakikisha mizani imesafishwa huwa amelinda chuma, na pia imani ya wanachama kwa chama chao.