Naamani, dhahabu na mswaki wa mtoto



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, jemadari Naamani anafika mlangoni kwa nabii Elisha na farasi, magari, fedha na dhahabu. Ni mgonjwa wa ukoma, na amejiandaa kwa jambo kubwa. Elisha hatoki hata nje. Anamtuma mtu amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani anakasirika, kwao kuna mito mizuri zaidi. Wanaomtuliza ni watumishi wake: kama angeambiwa jambo gumu angelifanya, mbona hili jepesi linamshinda?

Habari hii inatuhusu sisi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wa namna hiyo. Kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, waumini wanajua maana ya mtoto kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, na safari za kwenda Bugando kuongezewa damu.

Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Uloto ni ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Mtoto hupewa uloto wa ndugu yake anayelingana naye. Kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya wanne. Tiba ambayo watu waliifuata ng'ambo sasa iko mwisho wa safari ya basi. Tumshukuru Mungu.

Lakini kabla ya upandikizaji, madaktari humwambia mtoto afungue kinywa. Mzazi aliyekuja na mawazo ya mifupa na damu anaweza kushangaa: meno yanahusu nini?

Yanahusu sana. Ili uloto mpya upokelewe, mtoto hupewa dawa kali za kuondoa ule wa zamani. Kwa majuma kadhaa kinga ya mwili hushuka karibu kabisa, na kinywa chenyewe huweza kutoka vidonda. Jino lililooza, ambalo mtoto alikuwa akilitafunia bila kusema, linakuwa mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu, wakati mwili hauna askari wa kuvizuia. Kwa hiyo jino bovu huzibwa au kung'olewa kwanza, na kidonda kipone. Ndivyo ilivyo pia kwa anayesubiri figo, tiba inayotolewa Muhimbili tangu 2017: atakunywa dawa za kupunguza kinga maisha yake yote, na kinywa kichafu ni hatari kwake.

Wengi wa watoto wetu hawatafika kwenye upandikizaji, lakini neno hili ni lao pia. Selimundu huharibu bandama mapema, hivyo mwili hupigana na maambukizi kwa shida, na jipu la jino linaweza kuamsha yale maumivu makali.

Basi, Yordani yetu ni ipi? Ni mswaki wa mtoto mwenyewe, asioshirikiana na ndugu zake, na dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Ni kusukutua maji baada ya dawa za maji, kwa kuwa nyingi zina sukari. Mtoto wa selimundu huambiwa anywe maji mengi. Wema wetu humletea soda na juisi, naye alihitaji maji tu. Ni kumpeleka kwa daktari wa meno kabla jino halijauma, na kumwambia daktari huyo mapema kwamba mtoto ana selimundu.

Na tuseme wazi juu ya yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, wapo wanaomkata fizi kwa kifaa kisicho safi na kung'oa kile ambacho ni jino changa tu. Kwa mtoto yeyote ni hatari. Kwa mwenye selimundu, anayepungukiwa damu na kinga, yaweza kuwa kifo. Homa yake ni ya kukimbiza hospitali.

Makanisa yetu yanajua kuchanga. Katika ukanda huu wa dhahabu, harambee ya mgonjwa haikosi mtu wa kutoka machimboni na kutoa kwa moyo. Tuendelee. Ila tukumbuke kwamba Elisha hakuipokea dhahabu ya Naamani. Uponyaji ulipita kwenye jambo dogo, na aliyeleta habari za nabii tangu mwanzo alikuwa msichana mtumwa. Kwetu anaweza kuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili, au bibi anayelea wajukuu. Leo jioni, mchanga wowote usiotoka mfukoni unaanza hapo: mtoto aketi, afungue kinywa, na mtu mzima atazame.

Jumapili njema.