Maji Safi na Salama: Kazi ya Mkemia katika Upimaji wa Maji ya Kimisagara, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mkemia anavyopima ubora wa maji ya kunywa, kwa kurejelea mtambo wa Kimisagara. Hoja kuu ni kwamba "safi" na "salama", maneno yaliyozoeleka kutamkwa pamoja katika Kiswahili, yanataja hali mbili zinazothibitishwa kwa vipimo tofauti.

1. Utangulizi

Kimisagara ni sekta ya Wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali. Mtambo wake husafisha maji ya mto Yanze, unaoshuka kutoka vilima vya kaskazini mwa jiji. Mvua inaponyesha, mto wa namna hii hubeba udongo wa miteremko, hata kipimo cha asubuhi kikawa hakifai tena jioni.

2. Usafi: kuondoa tope

Chembe za udongo wa mfinyanzi huwa na chaji hasi. Husukumana, zikabaki zikielea. Shabu, yaani salfati ya alumini, hudhoofisha msukumano huo, chembe zikashikamana na kutuama. Zinazosalia huzuiwa na mchanga wa kuchujia.

Kiasi cha shabu hakikisiwi. Katika mitambo ya aina hii, mkemia hutia maji ya mto katika bilauri kadhaa, kila moja na kiasi chake cha shabu. Hukoroga kwa kasi, kisha polepole, halafu huyaacha yatulie. Huchagua kiasi kidogo kabisa kinachotoa maji maangavu, kwani shabu ikizidi hushusha pH na huweza kuacha alumini majini.

3. Usalama: kuua vijidudu

Maji maangavu huweza kubeba vimelea visivyoonekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka bakteria wa E. koli wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Hata hivyo, kuwaotesha bakteria hao maabarani huchukua takribani siku nzima, na kufikia hapo maji yamekwisha kunywewa.

Kwa sababu hiyo mkemia hupima pia klorini huru iliyobaki majini. Kitendanishi hugeuza maji kuwa ya waridi, na rangi hukolea kadiri klorini inavyozidi. Mwongozo huohuo unapendekeza angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na isiyopungua miligramu 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Kwa kuwa klorini hupungua njiani, kipimo cha mtamboni hakitoshi. Sharti sampuli ichukuliwe pia bombani.

Hapa usafi na usalama hukutana. Tope huwakinga vijidudu dhidi ya klorini. Vilevile, pH ikipanda kupita 7.5, sehemu kubwa ya klorini hugeuka kuwa umbo lililo dhaifu katika kuua vijidudu. Ndiyo maana tope na pH hushughulikiwa kabla ya klorini kutiwa.

4. Hitimisho

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Taarifa ya maji itakayoandikwa kwa lugha hii isiishie kusema "maji ni mazuri". Itaje tope, pH na klorini, pamoja na mahali na saa ya kuchukua sampuli. Mkazi naye aelezwe kwamba harufu hafifu ya klorini ni dalili ya kinga, na kwamba kinga hiyo huisha maji yakikaa muda mrefu katika dumu.