Chembe Nyeupe kutoka Ukambani

Kwa watu wa Kalamba, na Makueni nzima, kichocho si habari ngeni, maana katika nchi ya ukame mtu hana budi kuyafuata maji yalipo, ayachote, aoge na kufua, na humo humo ndimo konokono waachiamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vitobavyo ngozi na kuingia mwilini. Lakini aghalabu hatukumbuki kwamba maarifa mengi waliyo nayo matabibu juu ya ugonjwa huu yalitokana na damu waliyoitoa Wakamba kwa hiari yao.

Mwaka 1975 Anthony Butterworth na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Kenya, walidhihirisha kwamba chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, zikisaidiwa na kingamwili, huwaua minyoo wachanga wa kichocho. Na katika miaka ya 1980 wakaenda kijiji cha Iietune, Kangundo, wakawatibu watoto na kuwafuatilia, wapate kujua kwa nini mmoja huambukizwa tena na mwenziwe husalimika, ilhali wote huingia mto mmoja.

Kuzipata chembe nyeupe ni kazi ya subira. Damu ya mshipa wa mkono hutiwa katika chupa yenye dawa ya kuizuia isigande, kisha humiminwa taratibu juu ya maji maalumu mazito na kuzungushwa kwa kasi mashineni, hata chembe nyekundu zikazama, maji ya manjano yakakaa juu, na katikati ukabaki utando mwembamba mfano wa malai ya maziwa, ambao mtaalamu huuvuta kwa mrija akizuia mkono usitetemeke. Utando huo ni haba, kwa kuwa penye chembe nyeupe moja pana nyekundu mia kadhaa. Na eosinofili, kwa uzito wake, huzama pamoja na nyekundu, zikataka njia nyingine ya kuzitenga.

Baadaye zikachunguzwa chembe za wagonjwa wa Makueni waliovimba ini na wengu, na mwaka 1998 Joseph Mwatha wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na wenzake wakatangaza kwamba maradhi hayo huandamana na wingi wa kemikali za kuchochea uvimbe, na uchache wa ile inayozistawisha eosinofili. Kumbe madhara mengine hutokana na mwili wenyewe unavyojitetea!

Na kwa kuwa maarifa hayo yote hutokana na damu ya watu, wakiwamo watoto, naona ni haki ya mzazi, kabla hajatia kidole gumba katika karatasi ya ridhaa, aelezwe kwa Kikamba damu ya mwanawe itawekwa wapi na kwa muda gani. Kwani chembe zilizogandishwa katika naitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, huweza kudumu hai miaka mingi, zikaulizwa maswali ambayo yeye hakuyasikia siku alipokubali.