Ngege Hawakui kwa Pumba Tupu

Ndugu wa vikundi, tangu serikali ianzishe mpango wa vidimbwi mwaka 2009, hapa Kakamega twasikia lalamiko moja: "Samaki wetu wamedumaa." Mara nyingi shida ni chakula. Pumba tupu hushibisha tu, changanyeni na omena iliyosagwa (bei yake twaijua!), maana protini ndiyo hujenga mwili. Walisheni saa nne na saa kumi, maji yakiwa na joto. Alfajiri ngege hana hamu. Samaki 1,000 wa gramu 100 kila mmoja ni kilo 100: kilo 3 kwa siku zatosha. Kinachobaki huoza na kumaliza hewa majini. Mkiwaona wanahema juu asubuhi, msilishe siku hiyo, ingizeni maji mapya haraka.