Usukani Utetemekao Gari Likiwa Limesimama

Gari likingoja zamu ya kuvuka mpaka hapo Murongo, penye daraja la Mto Kagera liendalo Kikagati, pengine usukani wake hutetemeka injini ikinguruma polepole. Wengi hulaumu magurudumu. Lakini gurudumu lililosimama haliwezi kutikisa kitu. Mtetemo wa magurudumu huja gari likienda kasi. Huu watoka katika injini.

Sababu zake kubwa ni mbili, nazo hutambulikana kwa sikio. Simama nyuma, usikilize bomba la moshi. Sauti ikikatika-katika, injini yachechemea: pengine katika silinda 4 moja haiwaki, na 3 zabeba kazi yote. Hapo fundi atazame plagi na nyaya zake, na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi.

Sauti ikiwa sawasawa na usukani ungali ukitetemeka, shuku ile mipira inayobeba injini. Zima injini, fungua boneti, uikague kwa taa. Mpira uliopasuka, au uliolainishwa na mafuta yaliyovuja, hubadilishwa. Haufai kufungwa kwa waya.

Usilidharau jambo hili. Injini isiyoshikwa vema huweza kuchana bomba la maji au la mafuta njiani, mbali na fundi. Basi kabla ya kununua matairi mapya, jiulize kwanza: usukani watetemeka gari likienda, au likiwa limesimama?