Posho ya misheni haina tarehe: hesabu za familia ya askari kabla ya kikosi kuondoka

Machi 2007 kikosi cha kwanza cha Uganda kilitua Mogadishu. Desemba mwaka huo Warundi walifuata, na mwaka 2012 wanajeshi wa Kenya, waliokuwa wameingia Somalia tangu Oktoba 2011, wakaunganishwa rasmi na jeshi hilo la Umoja wa Afrika, AMISOM. Jina limebadilika mara mbili: likawa ATMIS Aprili 2022, kisha AUSSOM Januari 2025. Kwa familia zilizobaki nyumbani, neno lililodumu miaka yote hiyo ni moja: posho.

Posho hiyo hugeuka mabati, kiwanja, ada ya shule, bodaboda au kibanda cha mke sokoni. Sehemu yake hupita pia mikononi mwa wauzaji wa Busia, Malaba na Gatuna, ama kwa mke wa askari anayefuata bidhaa ng'ambo ya mpaka, ama kwa muuza duka anayemkopesha unga akisubiri. Kwa hiyo hesabu za nyumba ya askari zikienda mrama, daftari la madeni la dukani nalo huumia.

Njia ndefu ya dola moja

Mshahara wa askari hutoka katika hazina ya nchi yake. Posho ya misheni husafiri zaidi. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ndio uliogharamia posho za Somalia. Fedha zilitoka Brussels, zikapita makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, zikaingia serikalini, ndipo zikamfikia askari. Hesabu za awamu iliyopita zisipokubaliwa, awamu inayofuata husubiri. Askari yuko lindoni, lakini fedha ziko kwenye makaratasi.

Kiwango kilichojulikana kilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari. Baadhi ya serikali zilikata takriban dola 200 za gharama zao, zikabaki 828. Januari 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20, ukawa unalipia dola 822 kati ya zile 1,028. Nyumba iliyokuwa imekopa kwa kutegemea kiwango cha zamani ilibaki na deni lilelile.

Burundi ilipata pigo jingine. Machi 2016, kufuatia mgogoro wa kisiasa nchini humo, Umoja wa Ulaya ulisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali. Wafadhili hawakutaka posho za askari zipitie serikalini, na serikali haikukubali kurukwa. Malipo yakakwama kwa miezi mingi. Januari 2017 Bujumbura ilitishia kuondoa wanajeshi wake Somalia, na mwezi uliofuata ikakubaliwa kuwa fedha zipitie benki ya biashara. Wakati wakubwa wakibishana, kodi ya nyumba na ada ya shule havikusubiri.

Misheni nayo ina mwisho, na mwisho huo hauamuliwi na askari. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2022 na kikaondoka Desemba 2023, baada ya Kinshasa kukataa kuongeza muda. Burundi, iliyokuwa Somalia tangu 2007, haimo katika AUSSOM. AUSSOM yenyewe ilianza bila chanzo cha uhakika cha fedha.

Mshahara ule, posho ijenge

Mfanyabiashara yeyote anajua kutenganisha mtaji na faida. Anayekula mtaji hufunga duka. Familia ya askari inaweza kutumia kanuni hiyohiyo: mshahara ulishe nyumba, posho ihesabiwe kama mtaji uliokuja mara moja.

Chukua mfano wa askari anayepokea dola 828 kwa miezi 12. Jumla ni dola 9,936. Nyumba ikiongeza matumizi kwa dola 150 kwa mwezi, mwaka utakula 1,800 na kubakiza 8,136, kiasi cha kununua kiwanja au kujaza duka. Ikiongeza matumizi kwa dola 500, zitaondoka 6,000 na kubaki 3,936. Hatari kubwa zaidi ni pale malipo yanapokwama miezi sita. Nyumba ya kwanza itakuwa na pengo la dola 900. Ya pili itakuwa na pengo la dola 3,000, na pengo hilo litaandikwa katika madaftari ya maduka na vitabu vya wakopeshaji wa riba.

Ndiyo maana akiba ya miezi mitatu ya matumizi inafaa kutangulia mradi wowote. Jiwe la kwanza la msingi linaweza kusubiri hadi akiba hiyo itimie.

Kuna pia suala la sarafu. Posho huhesabiwa kwa dola, lakini askari wengi huipokea kwa sarafu ya nyumbani na kwa bei ya benki. Wanaovuka mpaka wa Burundi wanajua maana yake. Mei 2023 Benki Kuu ya nchi hiyo ilishusha thamani ya faranga, dola ikapanda kutoka takriban faranga 2,080 hadi karibu 2,900, na bado soko la mtaani likawa juu zaidi. Aliyeweka akiba ya noti za faranga chini ya godoro alipoteza bila kuibiwa. Aliyenunua mabati, mifugo au bidhaa zisizooza aliokoa sehemu kubwa.

Wanajeshi wana vyombo vyao vya kuweka akiba. Uganda kuna Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi wa UPDF, kisichohusiana na wapiganaji wa Kongo wenye jina hilo. Kenya kuna Ulinzi SACCO. Faida yake ni kwamba makato hufanyika kabla fedha haijafika mfukoni. Ila chama hichohicho hutoa mikopo, na mkopo unaolipwa kwa makato ya mshahara hupunguza kile kinachoilisha nyumba. Mke au mume anayebaki anapaswa kujua kabla ya safari ni kiasi gani kinakatwa na kwa muda gani.

Karatasi kabla ya begi

Wakati wa AMISOM, fidia iliyowekwa kwa familia ya askari aliyefariki ilikuwa dola 50,000. Ni fedha nyingi, na zinaweza kuwasha moto katika ukoo. Mke, wazazi, ndugu wa marehemu, na pengine mke wa pili ambaye wa kwanza hakumfahamu, wote watadai haki. Linalosaidia hapo ni karatasi iliyojazwa mapema.

Kabla ya kikosi kuondoka, mambo manne yanahitaji kukamilika. La kwanza, jina la mnufaika katika kumbukumbu za jeshi, benki na SACCO liwe moja na liwe la sasa. Wengi walijaza fomu wakiwa makapera, wakaandika jina la mama, na hawakurudi kurekebisha. La pili, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwepo nyumbani. La tatu, anayebaki awe na hati iliyoshuhudiwa na wakili inayompa uwezo wa kutenda kwa niaba ya askari, kwani namba ya siri ya simu peke yake haiuzi kiwanja wala haisaini mkataba. La nne, madeni yote yaandikwe, ya kudai na ya kudaiwa.

Jambo hili la mwisho linawagusa wauza maduka moja kwa moja. Anayemkopesha mke au mume wa askari apime mkopo kwa mshahara unaojulikana, asipime kwa posho inayotarajiwa. Kenya ina kanuni ya kazi kwamba mfanyakazi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Sheria hiyo ya ajira haiwahusu wanajeshi, lakini ni kipimo kizuri hata kwa daftari la dukani: deni la mwezi likizidi theluthi mbili za mshahara, mteja hataweza kulilipa bila posho, na posho haina tarehe.

Kwa mke wa askari ambaye mwenyewe ni mfanyabiashara, biashara hiyo ndiyo itakayobaki misheni ikifungwa. Mtaji wake uwekwe katika akaunti yake, ukiwa na hesabu yake, na usiguswe kuziba pengo la posho iliyochelewa. Akiba ya miezi mitatu iliwekwa kwa kazi hiyo.